Usimamizi wa fedha: chuo cha mchana, kozi ya jioni au mega za simu?

Binamu yangu anauza unga wa mahindi Katuba, hapa Lubumbashi. Magunia mengine yanavukia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mengine yanatoka kwa wasagaji wa hapa mjini, na dukani anauza kwa gunia na kwa meka. Jioni moja alinijia nyumbani na daftari la mauzo kwapani. "Yaya," akaniambia, kama tunavyowaita ndugu wakubwa, "kila mwezi nikipiga hesabu naona faida. Lakini kasha liko tupu. Nataka kusoma finansi. Sitafuti karatasi ya kutundika ukutani, nataka kujua franga yangu inapotelea wapi. Niende kusoma wapi?"

Swali hilo nimeshaulizwa na vijana waliotoka tu na diploma ya taifa (ya kumaliza sekondari), na mama wa likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, hata na fundi mmoja wa kulehemu. Hapa Lubumbashi milango ni mitatu: kozi kamili ya chuo, kozi fupi ya jioni, na masomo ya bure ya intaneti. Wa kwanza nilipita mwenyewe, kwa mfumo wa zamani wa miaka mitano. Wa pili nimesaidia kusahihisha mazoezi kwa misimu miwili. Wa tatu naufungua bado usiku mega (bando la intaneti) zikiwepo. Basi siandiki kama mgeni.

Kabla ya kumjibu nilichukua kalamu nimwonyeshe kozi yenyewe ina nini ndani, maana watu wengi wanachagua mlango bila kujua chumba.

Unga wake unakaa dukani wastani wa siku 20 kabla ya kuisha. Wateja wake wakubwa, wenye mikahawa na akina mama wa sokoni, wanamlipa baada ya siku 30. Lakini yule anayemletea unga anampa yeye siku 10 tu za kulipa. Siku 20 ujumlishe 30, utoe 10: zinabaki siku 40 ambazo pesa yake iko nje ya mkono. Kama unga anaoutoa kila siku umemgharimu dola 100, basi dola 4,000 zimelala, kwenye magunia na kwenye ahadi za wadaiwa. Ukweli zimelala zaidi kwenye ahadi, ila hilo sikutaka kumwambia mbele ya mke wake. Halafu mwaka huu alikuwa anajisifu biashara imekua kwa nusu. Sawa: sasa ni dola 150 kwa siku, na pesa iliyolala imefika 6,000. Zile 2,000 za nyongeza zimetoka wapi? Zimetoka kwenye faida anayoiona daftarini.

Alikaa kimya kidogo. "Kumbe mimi ni tajiri wa daftari."

Kitu hicho wanafunzi wa hapa wanakiita BFR, kwa kifupi chake cha Kifaransa. Kwa Kiswahili ni mahitaji ya mtaji wa mzunguko. Ni moja ya nguzo za kozi ya msingi. Nyingine ni kusoma mizania (jedwali la mali na madeni) na hesabu ya matokeo (mapato na gharama za mwaka), kupanga pesa inayoingia na kutoka mwezi kwa mwezi, kujua kama mashine au jengo linastahili kununuliwa, na kuamua pesa ya kununulia itoke kwenye faida, kwa washirika au kwa benki. Mambo hayo utayakuta nyuma ya mlango wowote kati ya hii mitatu. Tofauti ni utayafikia lini, kwa lugha gani, na nani atakaa na wewe pale hesabu inapokataa.

Chuo cha mchana

Hapa tuna Kitivo cha Uchumi na Menejimenti cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), tuna ISC Lubumbashi (chuo cha biashara), na tuna vyuo vya binafsi vinavyozidi kuota. Zamani ulikuwa unafanya graduat miaka 3 kisha lisansi miaka 2. Sasa kwa mfumo wa LMD (lisansi, masta, daktorati) lisansi ni miaka 3, krediti 180, yaani 60 kila mwaka. Ukitaka masta unaongeza miaka 2.

Jambo la kwanza la kujua: finansi haianzi siku ya kwanza. Unaanza na uhasibu wa jumla, hisabati, takwimu, uchumi, sheria. Mtu kama binamu yangu angengoja muda mrefu kabla ya kusikia neno BFR, na wakati huo wote kasha lingeendelea kuwa tupu. Lakini usidharau kungoja huko. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na baada ya hapo vitabu vya kampuni vikaandikwa kwa mfumo wake wa uhasibu, SYSCOHADA, ambao ulirekebishwa na kuanza kutumika upya tarehe 1 Januari 2018. Mwanafunzi aliyekaa mwaka mzima akiandika akaunti ya 31 kwa bidhaa, 40 kwa wanaotudai, 41 kwa wateja, 57 kwa kasha, haogopi tena mizania. Unampa ya kampuni ya Dakar au ya Likasi, anasoma ileile, kwa sababu nchi zote 17 za OHADA zinatumia mfumo mmoja. Hiyo nguvu sijaona kozi ya wiki sita inayoitoa.

Kasoro yake niliionja mwenyewe. Silabusi yetu ya usimamizi wa fedha ilikuwa ya fotokopi, ya lazima, na bila kuinunua jina lako halikufika kwenye orodha ya mtihani. Karibu theluthi ya kurasa zake ilihusu TAFIRE, ile jedwali ya kuonyesha pesa ya mwaka imetoka wapi na imetumika wapi. Tuliijaza mpaka vidole vikauma. Nilipopata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mhasibu mkuu alitazama nilichoandika akaniuliza kama nimesoma kwa babu yangu. TAFIRE ilikuwa imeondolewa na marekebisho ya 2018, na mahali pake pakawekwa jedwali la mtiririko wa pesa. Mtihani wangu niliufanya 2019. Chuo hicho sikitaji, na nasikia silabusi imeshabadilishwa.

Kwa hiyo kabla hujalipa minervali (ada) popote, muombe mwanafunzi wa promosyo ya mbele, yaani wa mwaka wa juu, akuonyeshe silabusi ya mwaka uliopita. Fungua sura ya pesa inayoingia na kutoka. Ukikuta TAFIRE imekaa pale kama bibi harusi, umeshajua mwalimu hajafungua kitabu tangu lini. Kipimo hicho hakikugharimu hata bei ya sambusa.

Jambo jingine la chuo cha mchana ni idadi. Auditoriumu inajaa, wa nyuma wanamsikia profesa kwa kupokezana. Kazi ya kweli inafanyika kwenye mazoezi na asistanti, kama asistanti yupo na kama hajagawiwa promosyo tatu kwa wakati mmoja. Halafu baadaye, chini ya mti, mmoja aliyeelewa anawaeleza wengine kwa Kiswahili. Mimi BFR sikuielewa kwa Kifaransa. Niliielewa siku mwenzangu aliposema, "Ni franga ambayo umeshaitoa lakini haijarudi."

Mega za simu

Naruka kozi ya jioni kwanza, nitarudi.

Kwenye intaneti kuna hazina ambayo wazazi wetu hawakuiota. Aswath Damodaran, profesa wa New York University, ameweka kozi zake za fedha za kampuni wazi, bure, video na mazoezi. MIT nao wameweka masomo ya Andrew Lo yaliyorekodiwa mwaka 2008, wakati ule benki kubwa za Marekani zikianguka, na unamsikia akiyagusa mambo yale moto moto darasani. Unachohitaji ni Kiingereza cha kutosha, mega, na umeme usiokatika katikati ya fomula.

Ubora wa kozi hizi ni pale zinapoanzia. Haziendi kwenye mizania kwanza. Zinaanza na swali moja: dola ya mwaka kesho ina thamani gani leo? Hapo ndipo mafundisho yetu ya Kifaransa na yao ya Kiingereza yanapoachana, na nataka nikuonyeshe kwa mulini, mashine ya kusaga.

Tuseme binamu yangu anataka kununua mulini wa dola 4,000, autumie miaka 4 hadi uchakae kabisa. Baada ya kulipa mafuta, mfanyakazi na kodi, unamwachia dola 1,500 taslimu kila mwaka. Darasani kwangu tulifundishwa kuanza na muda wa kurudisha mtaji: 4,000 ugawe kwa 1,500, ni miaka 2 na miezi 8. Mulini unaishi miaka 4, basi nunua. Asistanti anapiga mstari, tunaenda zoezi la pili. VAN, yaani thamani ya leo ya mapato yote ukitoa bei ya kununulia, ilikuja mwishoni mwa muhula, mbio mbio, siku ambayo nusu ya darasa walikuwa wameshaenda kutafuta transpo.

Kozi ya Marekani inaanza na VAN hiyohiyo. Inakuuliza: hizo 4,000 ungeziweka kwingine zingekuzalia kiasi gani? Ukisema asilimia 15, basi 1,500 za mwaka wa kwanza, ukizigawa kwa 1.15, zina thamani ya 1,304 leo, za mwaka wa pili, ukizigawa mara mbili, 1,134, za tatu 986, za nne 858. Huko ndiko kupunguza mapato kwa riba. Jumla 4,282. Ukitoa bei ya mulini zinabaki 282: nunua. Lakini kama pesa unaikopa kwa asilimia 20, jumla inashuka hadi 3,883, na umepoteza 117 kabla hujawasha mashine. Mulini uleule, mahindi yaleyale, muda wa kurudisha mtaji uleule wa miaka 2 na miezi 8. Kilichogeuza jibu ni bei ya pesa peke yake, na mpaka wa jibu uko karibu na asilimia 18 na nusu. Mtu aliyesoma muda wa kurudisha mtaji tu haoni kitu hapo.

Kisha kuna mtego wa uchakavu, ambao unawanasa hata wahasibu. Ukigawanya 4,000 kwa miaka 4, kila mwaka daftari linaandika gharama ya 1,000. Kwa hiyo faida inayosomeka ni 500. Mhasibu anasema mulini unaleta 500, mtu wa fedha anasema 1,500, na wote wawili wako sahihi, kwa kuwa ile 1,000 haikutoka kasha mwaka huo. Ilitoka yote siku ya kununua. Chuo cha mchana kinafundisha jambo hili vizuri kuliko intaneti, nakiri, kwa sababu wewe mwenyewe umeandika uchakavu kwa mkono mara hamsini.

Udhaifu wa intaneti ni kwamba inazungumza na mtu mwenye soko la hisa mlangoni. Ukifika sura ya gharama ya mtaji, unaambiwa chukua beta ya kampuni, namba ya kupimia hatari yake, kwa ile njia iliyotoka kwa mwanauchumi William Sharpe mwaka 1964. Beta inatokana na bei za hisa zinavyopanda na kushuka. Kongo haina soko la hisa. Soko lililo karibu nasi ni la Lusaka, na wauza unga wa Katuba hawamo. Nimeona vijana wakitumia wiki mbili kutafuta beta ya kuweka kwenye kazi ya kumaliza masomo kuhusu duka la dawa, mwishowe wakachukua ya kampuni ya Marekani. Hesabu ikatoka safi, haina maana yoyote. Kwa duka la dawa la Kenya (komuni yetu, si nchi) ulizia riba ambayo mwenye duka anaweza kukopea, na faida ambayo angeipata kwingine kwa hatari inayofanana. Uanzie hapo.

Tena Mmarekani ana sarafu moja mfukoni. Sisi tunauza kwa franga, tunanunua kwa dola, kodi ya duka ni dola, mshahara wa kijana wa kubeba magunia ni franga. Agosti 2023 Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25. Hiyo ni riba ya franga. Mwenye kuichukua akapunguzia nayo mapato aliyoyaandika kwa dola, ataua kila mradi mzuri. Na mwenye kuandika mapato kwa franga, huku akipandisha bei ya unga kila mwaka jinsi inavyopanda sokoni, kisha akapunguza kwa riba ya dola, kwake kila mradi ni asali. Kanuni ni kwamba mapato ya dola yaende na riba ya dola, na ya franga yaende na ya franga. Mstari huo mmoja sikuupata kwenye video yoyote ya mwanzo. Sitaki kusema wazee wetu walihitaji video: mwaka 1994 bei zilipanda karibu asilimia 9,800, na mama yangu mkubwa alijua thamani ya pesa kwa wakati kuliko profesa, kwa sababu alibadilisha mshahara kuwa sukari siku hiyohiyo.

Na kasoro kubwa kuliko zote: video haikusahihishi. Unamtazama mtu mwenye akili akikokotoa, unatikisa kichwa, unaona umeelewa. Asubuhi unapewa mulini mwingine, wa kulipwa kwa awamu, na kalamu inakwama. Somo hili linaingia kwa mkono, kama kusonga bukari (ugali wetu): unaweza kumtazama mama yako miaka kumi, siku ya kwanza utatoa madonge.

Kozi ya jioni

Vituo vinavyotoa kozi za jioni ni vingi mjini, na mara nyingi anayefundisha ni asistanti yuleyule wa chuo, amekuja kutafuta nyongeza. Tofauti ni kwamba jioni ana watu 20 mbele yake, na hao watu wamekuja na hesabu zao za kweli. Nilikokuwa nasaidia kulikuwa na mwenye duka la simu, karani wa usafirishaji, na mama mmoja aliyekuwa na kuku 300. Huyo mama wa kuku alimfundisha mwalimu. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba akiba ya bidhaa inakaa siku 45, mama akamwambia kuku wa nyama akipita siku hizo anakula faida yote, kwa hiyo siku si namba ya kuchagua, ni uhai wa mnyama. Ubaoni tulifuta tukaanza upya.

Ubaya wake: cheti hakifungui mlango wa benki wala wa kampuni ya madini, na mwajiri atakuuliza diploma. Ubora unategemea mtu mmoja. Akiondoka, kozi imekufa. Wapo pia wanaouza Excel na kuiita finansi. Utajaza rangi kwenye vijisanduku wiki nne, utoke unajua kujumlisha safu. Na msimu wa mvua usafiri wa saa mbili usiku ni hadithi nyingine.

Ukienda kuuliza, usiulize bei kwanza. Uliza mazoezi ni mangapi, yanarudishwa lini, na je, naweza kuleta daftari langu. Wakikujibu kwa kukuonyesha picha za sherehe ya kugawa vyeti, kunja miguu urudi nyumbani.

Basi nani aende wapi

Kijana aliyetoka na diploma ya taifa, ana mtu wa kumlipia na hajaanza kazi, sioni sababu ya kubishana: chuo cha mchana. Mwajiri anasoma diploma kabla ya kusoma kichwa, na SYSCOHADA ya kila siku kwa miaka mitatu itamsaidia kuliko anavyodhani leo. Ila afungue na video za Kiingereza mapema, asingoje VAN ya mwisho wa muhula.

Mhasibu aliyeko kazini, mwenye kusoma mizania hata akiwa usingizini, asirudi kukaa auditoriumu kusikia akaunti ya 57 ni nini. Huyo mega zinamtosha, kwa sharti moja: atafute mtu wa kumpelekea mazoezi. Anaweza kuwa mwenzake wa kazini, au asistanti anayemlipa kidogo kwa mwezi. Bila huyo mtu atatazama video ishirini na kubaki palepale, nami nawajua watatu wa namna hiyo. Mmoja ni mimi kwa miaka miwili.

Mfanyabiashara kama binamu yangu aende jioni. Hana haja ya krediti 180. Ana swali moja linalouma, na kozi fupi nzuri inaanza na maumivu hayo. Akishaona mwanga na akitaka zaidi, chuo hakijahama.

Yeye alinibishia. Alisema mchana pana heshima, jioni ni ya walioshindwa. Nikamwuliza duka atamwachia nani saa mbili asubuhi. Akacheka, akaenda kujiandikisha jioni, karibu na kwake, baada ya kuzungukia vituo viwili na kile kipimo cha mazoezi. Kimoja walimwonyesha picha za sherehe.

Jumatano iliyopita alinitumia kwa WhatsApp picha ya ukurasa wa daftari. Ni zoezi la mulini, ule ule wa kwangu nadhani, maana asistanti hawa tunakopiana. Amekokotoa miaka minne yote vizuri, mstari kwa mstari, riba 25, na chini ameandika kwa herufi kubwa: TUSINUNUE. Pembeni, kwa biki nyekundu, kuna duara kuzunguka ile 25 na maneno mawili: "Franga? Dola?"